Somo: Kununua na kutunza Porto ya Vintage hapa Unguja

Naulizwa kila mara, hasa na wenzangu wa mahotelini, Porto ya Vintage inunuliwe na itunzwe vipi hapa, kwa hiyo naandika mara moja. Soma yote kabla hujatoa pesa.

1. Jua unachonunua. Porto ni mvinyo unaotoka bonde la mto Douro, Ureno. Zabibu zikiwa bado zinachacha hutiwa spiriti ya zabibu. Utamu unabaki, kilevi kinafika kama asilimia 20. Vintage ni Porto ya mavuno ya mwaka mmoja. Hutiwa chupani kati ya mwaka wa 2 na wa 3 baada ya mavuno, kwa kawaida bila kuchujwa, halafu hukomaa humohumo chupani miaka 20, 30 na zaidi. Tawny ni Porto ya aina nyingine: imeshakomaa kwenye pipa, kuilaza hakuiongezei kitu. Wengi wanaponzwa na Colheita: lebo ina mwaka, lakini hiyo ni Tawny.

2. Mwaka. 1963, 1977, 1994 na 2011 inasifika sana.

3. Mahali pa kuweka. Chupa nyingi zinaharibikia kwenye hatua hii. Porto inataka nyuzi 12 hadi 15, giza, utulivu, na chupa ilale ili kizibo kisikauke. Kabati la kawaida Unguja wakati wa kaskazi linafika nyuzi 30. Kuta nene za Mji Mkongwe zinapunguza ukali wa mchana tu, hazikufikishi 15 hata kidogo. Unahitaji friji ya mvinyo. Na friji inataka umeme: waliokuwepo wanakumbuka kisiwa kilivyokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kama huna jenereta wala betri, nunua chupa mbili, usinunue kreti. Umeme ukikatika kwa saa chache, usifungue mlango wa friji.

ONYO: chupa iliyopigwa na joto inajionesha. Pitisha dole gumba ukingoni mwa kifuniko. Pakinata, mvinyo umevuja. Kizibo kimeinuka? Mvinyo umeshuka chini ya shingo? Rudisha rafuni, hata ukipewa kwa nusu bei.

4. Nunua duka lenye leseni na kiyoyozi. Chupa ya dirishani iache. Karatasi ya muhuri wa dhamana, ile inayobandikwa shingoni, iwe nzima.

5. Ilaze, uisahau.

MASWALI

Kijana wa Bububu: Mkuu, nikiweka juu ya friji ya jikoni inafaa?
Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Bububu: Basi ndani ya friji ya jikoni?
Jibu: Wiki chache, sawa. Miaka, hapana: baridi imezidi, mlango unafunguliwa kutwa.

Dada wa Paje: Samahani kaka, nimeona chupa ya zamani ina doa la rangi nyeupe ubavuni. Imechafuka?
Jibu: Swali zuri, dada. Doa hilo linawekwa makusudi: upande wenye doa ukae juu siku zote. Vintage inaacha mashapo, nayo yanatulia upande wa chini. Ukihamisha chupa, ilaze vilevile. Siku ya kufungua, isimamishe tangu jana yake, mimina polepole kwenye jagi ukimulika shingo kwa tochi ya simu. Mashapo yakifika shingoni, acha. Kilichobaki pitisha kwenye kitambaa safi cha pamba.

Fundi Kiwengwa: Kumimina kote huko kwa nini, si unywe tu? Na ikifunguliwa inakaa mwaka, ni pombe kali.
Jibu: Haikai. Vintage ikifunguliwa imalize ndani ya siku mbili tatu. Inayovumilia wiki kadhaa ni Tawny, tena kwenye friji. Mashapo ukiyapenda, kunywa.

Mama Chukwani: Yangu imelala vizuri, lakini lebo inaliwa na ukungu. Nifanyeje?
Jibu: Ahsante mama, nililisahau hilo. Zungushia lebo nailoni nyembamba ya jikoni kabla ya kuilaza, na andika jina na mwaka kwenye kikaratasi, ukifunge shingoni. Ukungu wa juu hauharibu mvinyo ndani, lakini chupa isiyosomeka hupati wa kuinunua.

Dada wa Paje: Nusu chupa nazo zipo?
Jibu: Zipo, mililita 375. Zinakomaa haraka zaidi, na kwa nyumba ya watu wawili ningeanza na hizo.