Somo: Kuweka chujio la intaneti maktaba ya skuli bila kuwafungia watoto elimu

Assalaam alaykum wenzangu. Mwaka jana, kwenye maktaba yetu hapa Wete, mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa akitafuta habari za saratani ya matiti kwa zoezi la baiolojia. Kioo kikawa chekundu: "Ukurasa umezuiwa." Akauondoa mkono kwenye mausi upesi, akatazama nyuma kama aliyefumaniwa. Wiki nzima hakukaa tena kwenye kompyuta ile. Chujio lile nililiweka mimi, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Hatua ya 1. Futa orodha ya maneno yanayozuiwa na chujio. Tusi moja zito la Kiswahili limo ndani ya "kumaliza" na "kumaanisha", na chujio la maneno halitofautishi. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walikwama kufungua akaunti za AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, kwa sababu ya herufi zilizomo katika jina la mji wao.

Hatua ya 2. Chuja kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1; iandike kwenye kivinjari ufungue mipangilio yake. Badilisha nenosiri la kiwandani kwanza. Sehemu ya DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) andika 1.1.1.3 na 1.0.0.3, hifadhi, zima, washa. Ni huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare. Huzuia tovuti za ngono na zenye virusi.

Hatua ya 3. Ijaribu kwa maswali ya watoto wenyewe: hedhi, ukimwi, ubakaji, Mapinduzi ya 1964. Habari za siasa zisizuiwe kwa kuwa tu mkubwa fulani hazipendi. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari.

Hatua ya 4, na hii msiiruke. Kompyuta moja, iliyo karibu na meza ya mkutubi, iwekeeni DNS ya 1.1.1.2 kwenye mipangilio yake yenyewe, inayozuia virusi tu, ili ukurasa wa elimu uliozuiwa kwingine ufunguliwe hapo. Kando yake pawe na daftari: tarehe, anwani iliyozuiwa, basi. Jina la mwanafunzi lisiandikwe. Mtoto mwenye haya hawezi kuuliza habari za mwili wake ikiwa jina lake litabaki kwenye karatasi.

MASWALI

Maalim, Mkoani: Mkuu anataka YouTube ifungwe kabisa, inamaliza bando.

Jibu: Hilo ni la bando, Maalim, tusilichanganye na maadili. Pakueni video za masomo mapema, wazitazame bila mtandao.

Mzazi, Chake Chake: Kompyuta hiyo ya mkutubi si ndiyo watoto watapitia kuangalia machafu?

Jibu: Una haki ya kuogopa, dada yangu. Kioo chake kinamwelekea mkutubi, na hakuna anayekaa hapo bila kuomba. Hata Marekani, sheria ya mwaka 2000 inazitaka maktaba zinazopokea ruzuku ya intaneti ziweke chujio. Mahakama ya Juu iliikubali mwaka 2003, ikizingatia kwamba mtu mzima anaweza kuomba afunguliwe.

Mwalimu, Micheweni: Kwetu mtandao haushiki kabisa.

Jibu: Pakua programu ya Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kiswahili ukiwa mjini, uzibebe kwa flashi. Husomeka bila intaneti. Kompyuta ikigoma kuzifungua, niandikie ina Windows ya mwaka gani.