Susu ya mtoto inayobembea bila kumlaza ubavu: jinsi ya kuitengeneza mwenyewe

Kitanda cha kubembea cha mtoto, au susu kama tunavyoita wengine, watu wengi wanaanza na urembo, nakshi kichwani, rangi nyeupe, af bei inapanda. Mi nakwambia urembo weka mwisho kabisa. Cha kwanza jua bolti inayoning'iniza itakaa juu kiasi gani kutoka pale mtoto alipolala, ukikosea hapo hata ukichonga kwa mninga mtupu umetengeneza mtego.

Nalijua hilo kwa sababu ya kwanza niliyotengeneza niliikosea. Dada yangu alikuwa mjamzito, mi niko zangu hapa Makorora, Tanga, na vipande vya mbao, nikachonga kitu kizuri kweli, kifupi, bolti nimeiweka karibu na usawa wa ukingo wa sanduku maana kwa macho yangu kilipendeza hivyo. Mtoto wa wiki tatu kabembezwa kalala, alfajiri mama mkwe wa dada anaingia anakuta kitanda kimeinama upande, mtoto kaserereka hadi ubavuni uso umegusa fito. Hakudhurika alhamdulillah, ila maneno niliyopewa na yule bi mkubwa siku ile siyaandiki hapa.

Nilivyotulia nikapiga hesabu, na wala si ngumu. Sema mtoto ana kilo 4, sanduku na godoro lake kilo 7, jumla 11. Mtoto akijisogeza sm 10 kuelekea ubavuni, kitovu cha uzito wa vyote kwa pamoja kinahama kama sm 3.6. Kitu kinachoning'inia hakitulii mpaka kitovu hicho kiwe chini ya bolti sawasawa, kwa hiyo kitajiinamisha chenyewe hadi kifike hapo. Bolti ikiwa sm 20 tu juu ya kitovu hicho kinainama nyuzi 10. Ipandishe iwe sm 40, kinainama nyuzi 5 tu. Viwango vya Marekani vya vitanda vya kubembea vinataka kikitulia kisizidi nyuzi 7, na kikibembea kisizidi nyuzi 20, kwa hiyo kile changu cha kwanza kilishafeli kabla hata ya kupigwa msasa. Na hapo utaona pia kwamba sanduku zito lina faida yake, kilo 4 za mtoto haziliyumbishi kirahisi kama linavyoyumba la plaiwudi nyembamba.

Kuhusu mwendo usijali. Kamba ya mita 1 ikiwa na jiwe mwishoni inaenda na kurudi kwa sekunde 2, ya sm 25 kwa sekunde 1, na uzito wa jiwe haubadilishi kitu. Susu yenye vipimo nitakavyokupa inaenda na kurudi kwa sekunde moja na nusu kasoro kidogo, mtoto akinenepa mwendo haubadiliki wa kukusumbua. Ukiifanya fupi sana inakuwa ya haraka haraka, kama bodaboda kwenye matuta.

Mbao sasa. Paina ya kutoka Lushoto ni rahisi na inakubali msumari na skrubu bila ugomvi. Msaji, wengi wanauita mtiki, ni bora zaidi na kwetu haupo mbali maana shamba la Longuza liko pale Muheza, vipande vifupi vinavyobaki kwa mafundi vinatosha kabisa kazi hii. Usichukue mbao za dawa, zile za kijani zinazouzwa kwa ajili ya kenchi, maana nyingi dawa yake ina aseniki na mtoto atakuja kuramba ukingo, ataramba tu hata ufanyeje.

Sanduku kwa ndani liwe urefu sm 82 na upana sm 42. Mbao ya kichwani na ya miguuni zipande mpaka sm 52 kutoka chini, ndizo zitakazobeba bolti, kwa hiyo hapa tumia mbao nene ya inchi moja, iliyonyooka, isiyo na kifundo pale tundu litakapopita. Kuta za ubavuni ziwe za fito, zipande angalau sm 30 ili ukiweka godoro la sm 5 zibaki sm 25 za kumzuia mtoto. Fito na fito ziachane sm 5. Kipimo cha haraka ambacho hata mkeo anaweza kukukagua nacho: kopo la soda lisipite. Kichwa hakipiti ila mwili wa kichanga unapita kwenye nafasi kubwa, kichwa kinabaki juu, na hapo ndo balaa.

Fito zisipigwe misumari kwa nje. Toboa tundu kwenye mbao ya juu na ya chini, ingiza ncha ya fito na gundi ya mbao, bana kwa klampu au hata kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ulioukata mkanda, ukivutwa vizuri unabana kuliko klampu za bei mbaya. Sakafu ya sanduku weka plaiwudi ya mm 9, toboa vitundu kadhaa vya kupitisha hewa, joto la Tanga mnalijua, godoro litaloa jasho na maji mengine.

Bolti nayo. Toboa kila mbao ya mwisho sm 48 kutoka chini, katikati kabisa, yani sm 21 kila upande, na hapa usikadirie, tundu likihama nusu sentimita susu itakaa upande maisha yake yote. Tumia bolti ya mm 12 ya stenlesi. Chuma cha kawaida kwa upepo wetu huu wa bahari ndani ya miezi kinaota kutu na kinaanza kulia kwiii kwiii saa nane za usiku. Ndani ya tundu ingiza kipande cha bomba la plastiki gumu bolti izungukie humo isile mbao, af weka washa kubwa, ile pete bapa ya chuma, kila upande, na nati iwe ile yenye plastiki ndani isiyofunguka kwa kutikisika. Mji huu wa baiskeli niliwahi kujaribu ekseli ya gurudumu la mbele na gololi zake, ilibembea kwa ulaini mpaka raha, tatizo haisimami, mtoto kashalala zamani yenyewe bado inaenda. Bolti kwenye plastiki ina ukinzani kidogo, inajituliza yenyewe.

Nguzo za stendi ziwe mbili, za inchi mbili kwa tatu, bolti ikae sm 90 kutoka sakafuni. Kila nguzo isimame juu ya mguu wa kulala wenye urefu sm 75, na nguzo mbili ziungwe na mbao ndefu chini, skrubu peke yake haitoshi, weka tundu na ulimi pamoja na gundi. Kati ya nguzo na sanduku acha sm 2.5 kila upande, pale kwenye bolti jaza kwa washa na kipande cha bomba, maana kuna dada au kaka mkubwa wa miaka miwili atakayeingiza vidole, nafasi ndogo ya kidole kuingia na kunasa ndo mbaya kuliko zote.

Af kuna vitu viwili watu wanaviruka. Kwanza vizuizi: piga vipande vya mbao kwenye miguu ya stendi, vipande virefu vinavyosimama, ili sehemu ya chini ya sanduku isiende zaidi ya sm 15 kila upande, hapo upo ndani ya nyuzi 20, gundisha mpira juu yake sanduku lisigonge. Pili pini ya kufunga. Sm 30 chini ya bolti toboa tundu moja linalopita nguzo na mbao ya sanduku kwa pamoja, chomeka pini ya mbao ngumu. Ukimbembeza mtoto unachomoa, akishalala unachomeka, usimwache anabembea peke yake usiku ukaenda zako kulala.

Kuna watakaosema mbona hutumii kamba, katani tunayo toka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida. Kamba naziheshimu. Na kiukweli kamba nne zinazoshuka wima, kila pembe yake na ndoano yake juu, zinaliweka sanduku sawa hata mtoto akihamia ubavuni, ni nzuri kuliko bolti kwa hilo. Ila wengi wanazikutanisha zote kwenye ndoano moja, hapo sanduku linazunguka na kuinama, faida imekwisha. Tena kamba inalika taratibu kwenye fundo pasipoonekana, na kamba karibu na shingo ya mtoto sizitaki. Wahindi wa hapa mjini wana ile ya kitambaa kwenye fremu ya chuma, ghodiyu, mtoto anatulia kweli lakini mgongo unajikunja, mi naiona ya kumbembeza mchana huku unamwangalia.

Godoro liwe la sponji gumu, lijae kabisa, vidole viwili visiingie pembeni. La sufi bibi ataleta, lipokee kwa heshima ukalie wewe, linazama usoni pa mtoto. Mto hapana. Mtoto alale chali. Neti ifunike stendi nzima kwa nje, isishuke ndani ya sanduku.

Kabla mtoto hajaingia weka kilo 20 za sembe usiku kucha uone kama kuna kitu kinalia au kupanuka. Asubuhi toa, weka mfuko wa kilo 4 sm 10 kutoka katikati, pima ukingo wa kulia na wa kushoto kutoka sakafuni. Tofauti ikizidi sm 5 ongeza uzito chini ya plaiwudi au rudi kwenye bolti.

Rangi mi sipaki. Msasa namba 80, 120, 240, basi, pembe zote ziwe mviringo. Mafuta ya nazi yanachacha na kuita sisimizi, msidanganyike.

Mtoto akianza kujiinua kwa mikono, kwenye miezi mitano hivi, hata kama jana alikuwa hajaweza, mtoe leo. Ile ya pili niliyomtengenezea dada imeshalaza watoto wanne, na sasa bi mkubwa kaitundika jikoni kaweka vitunguu na nazi, anasema ndo kazi ya susu toka zamani, panya hafiki.