Rangi ya chumba haichaguliwi dukani (somo kwa wanaotaka kupaka nyumba)

Assalaam alaykum jamaa. Mie fundi rangi, nipo mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja mjini, na maneno ninayopigiwa simu kila mara ni yale yale: fundi, rangi uliyotupakia siyo tuliyoichagua. Ndo hiyo hiyo, kopo hili hapa, ila dukani umeiangalia kwenye kikaratasi saizi ya kibiriti chini ya taa ya tyubu, saa hizi ipo kuta nne na jua la saa kumi linaipiga. Basi tufate hivi.

HATUA YA 1. Kaa chumbani kwanza, kopo bado. Asubuhi, mchana na magharibi. Huku kwetu dirisha linaloangalia kusini jua linaliingilia kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, miezi ya upepo wa kusi, katikati ya mwaka, jua lipo upande wa kaskazini, na dirisha la magharibi jioni linamwaga mwanga wa dhahabu, ukipaka njano hapo itageuka chungwa. Khalafu angalia nje kuna nini. Kuna nyumba Kiembesamaki nilipaka krimu, mwenyewe akaapa nimemtilia kijani, tukabishana, nikarudi dukani na kopo, nusura nipake upya kwa pesa zangu, kumbe mwembe! Jua linapiga majani ndo linaingia ndani na ukijani wake. Bati jekundu la jirani nalo hivo hivo, ukuta mweupe unakuwa kama una haya.

HATUA YA 2. Taa. Soma boksi la balbu, ikiandikwa 2700 au 3000 huo mwanga wa manjano, 6500 ule mweupe unaokaribia ubuluu. Krimu chini ya taa ya 6500 inapauka kama mtu katoka homa, na buluu ndo basi tena, unalala kama upo wodini. Mara nyingi namwambia mtu badilisha balbu kwanza, rangi tutaongea wiki ijayo (napoteza kazi lakini nalala vizuri).

HATUA YA 3. Moyo wako unataka nini humo ndani. Watu wanapenda kusikia buluu inatuliza, nyekundu inapandisha hasira, mambo yamekwisha. Hayajakwisha, ukali wa rangi na giza lake vina kazi kubwa kuliko jina lake. Buluu ya kupiga kelele kama ya pipa la plastiki haimtulizi mtu, na nyekundu iliyopoa ikakaribia rangi ya udongo unaweza kulala nayo vizuri tu. Mwaka 1979 kule Seattle, Marekani, jela ya jeshi la majini walipaka selo pinki kwa sababu mtafiti Alexander Schauss aliamini inapoza watu wakorofi, ikavuma dunia nzima, baadae wengine wakarudia majaribio kwa uangalifu zaidi wasiyaone hayo. Kwa hio mwenye mtoto mtukutu asikimbilie pinki.

HATUA YA 4. Umbo. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba vyembamba virefu, maana upana ulifata urefu wa boriti za mikoko. Ukuta wa mwisho kule upake rangi ya joto iliyokolea kidogo, utaona unasogea karibu. Dari iwache nyeupe, ikiwa nyeusi inakushukia kichwani.

HATUA YA 5. Jaribu, tena usijaribu kwenye ukuta wenye rangi ya zamani. Kata boksi kubwa kama msala wa kuswalia, lipige rangi mikono miwili, ikauke, lizungushe chumba kizima siku mbili. Kwa nini boksi? Rangi inadanganywa na jirani yake. Kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris, walilalamikiwa nyuzi zao nyeusi zimefifia, mkemia wao Chevreul akachunguza akakuta nyeusi haina kosa, kosa ni rangi walizoiweka nayo ubavuni, na 1839 akatoa kitabu juu ya mambo hayo. Ukisharidhika shuka ngazi moja, chukua iliyopauka zaidi, kuta nne zinakoleza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Wete: Chumba changu joto sana, nikipaka samawati litapungua?
Jibu: Mama yangu, utahisi ubaridi machoni kidogo, joto liko pale pale. Kama unapaka kwa ajili ya joto, paka bati la juu jeupe, hilo linarudisha jua lilikotoka.

Kijana wa Jang'ombe: Sofa nyekundu, nataka ukuta kijani, mke hataki. Nani yuko sawa?
Jibu: Mkeo, usinichukie. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja kila moja inaichochea mwenziwe, jicho halipumziki. Kama lazima kijani, itafute iliyochanganyika na kijivu, khalafu mpelekee yeye boksi la majaribio aamue.

Wa Malindi: Nyumba yetu ya mawe, kila mwaka napaka na kila mwaka inabanduka chini.
Jibu: Umeziba ukuta na rangi ya plastiki, unyevu na chumvi havina pa kutokea. Kwangua, rudi kwenye chokaa. Na mwanga wa chokaa ni laini, haung'ai, nuru inatua polepole.

Dada wa Chake: Ukumbi wangu maruni, mchana mzuri mashaallah, ikifika magharibi kabla sijawasha taa unakuwa mweusi kabisa. Rangi mbovu?
Jibu: Rangi nzima, dada, ni jicho. Giza likianza kuingia jicho linaipoteza nyekundu mwanzo, buluu inabaki. Leo usiku unapoingia anika kanga mbili kambani, moja nyekundu moja buluu zilizo na mwangaza sawa mchana, kaa barazani uangalie ipi inazima kwanza. Maruni usiifute, bakisha ukuta mmoja tu, ule taa inaoufikia.