Flutter: kitufe kimoja cha kutumika programu nzima

Mwongozo huu wa Flutter (zana ya Google ya kutengenezea programu za simu na vifaa vingine) nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye kitufe chake cha "Lipa" kilikuwa kimenakiliwa skrini baada ya skrini, kila nakala na rangi yake.

1. Tengeneza faili `kitufe_kikuu.dart`, kisha andika darasa la `StatelessWidget` (kijenzi cha skrini kisichojiwekea hali). Usitumie funksheni kama `jengaKitufe()`, hata kama ni fupi. Darasa huonekana kwa jina lake kwenye DevTools (zana za kukagua programu ya Flutter) na unaweza kulipima peke yake. Funksheni haionekani kabisa.

2. Rangi zote zitoke kwenye `Theme.of(context).colorScheme`, yaani rangi za mandhari ya programu nzima.

3. Sasa hali ya kupakia. Hapa ndipo usiku huishia. Kishawishi ni kukigeuza kitufe kiwe `StatefulWidget`, yaani kijenzi chenye hali yake, kinachojiwekea `inapakia` chake. Usikubali. Kitufe hakijui kama malipo yamekubaliwa, yamekataliwa, au mtandao umekatika. Skrini ndiyo inayojua. Kwa hiyo skrini ishike hali, kitufe kipokee tu:

```dart
FilledButton(
  onPressed: inapakia ? null : onPressed,
  child: Text(maandishi),
)
```

Ile `null` ina kazi kubwa: Flutter yenyewe huzima kitufe na kukififisha, hivyo mteja mwenye haraka hawezi kukibonyeza tena na kutuma malipo mara mbili.

Upande wa skrini, rudisha `inapakia = false` ndani ya `finally` (sehemu inayoendeshwa hata kosa likitokea), si mwisho wa `try`. Ukiiweka mwisho wa `try`, kosa lolote la mtandao litakiacha kitufe kimezimwa hadi mtu atoke kwenye skrini hiyo. Na kwa kuwa mtumiaji anaweza kurudi nyuma kabla jibu halijafika, tanguliza `if (mounted)` (kama skrini bado ipo) kabla ya `setState` (inayobadilisha hali na kuchora skrini upya). Bila hiyo utakutana na lile kosa la `setState() called after dispose()`. Kwenye simu yako yenye mtandao mzuri huenda usilione kamwe. Jaribu ukiwa umepunguza kasi ya mtandao kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta).

4. Ukibadilisha maandishi kwa duara la kupakia, kitufe husinyaa ghafla. Weka vyote viwili kwenye `Stack` (hupanga vitu kimoja juu ya kingine), maandishi yafichwe kwa `Visibility` yenye `maintainSize: true`. Lazima `maintainState` na `maintainAnimation` ziwe `true` pia, la sivyo Flutter hugoma.

5. Kijaribu kwa maandishi marefu kama "Thibitisha malipo", si "OK", huku maandishi ya simu yakiwa yamekuzwa hadi mwisho.