Mwanao Akiharibu Mali ya Mtu: Namna ya Kujua Unachodaiwa

Mwaka juzi mwanangu wa miaka kumi alirusha jiwe likapasua kioo cha mbele cha gari lililoegeshwa nje ya ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, na muda mfupi baadaye mwenye gari alikuwa mlangoni akidai shilingi 30,000 na kutishia kumpeleka mtoto kituo cha polisi. Woga wangu ungenifanya nilipe papo hapo.

Anza na umri, na toa cheti cha kuzaliwa mapema. Chini ya Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, mtoto ambaye hajatimiza miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai (zamani kikomo kilikuwa miaka 8), na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya hadi mahakama iridhishwe kwa ushahidi kwamba anajua. Aliyevuka hapo anaweza kushtakiwa, na mahakama yaweza kumwagiza mzazi alipe faini au fidia. Akikamatwa, mfuate kituoni mara moja, kwani Katiba inasema kumzuilia mtoto ni hatua ya mwisho, tena mbali na watu wazima.

Kisha tenganisha kosa la mtoto na kosa lako, jambo ambalo mlalamikaji na mzazi huwa wanalichanganya. Kuwa mzazi peke yake hakukufanyi mdaiwa. Anayedai fidia ya madhara yaliyotokana na mtoto hulazimika kuonyesha uzembe wako mwenyewe, kwa mfano kwamba ulimwachia kijana wa miaka 14 ufunguo wa pikipiki, au kwamba ulijua tabia yake ukanyamaza. Mpira uliopigwa uwanjani ukavuka ua kwa bahati mbaya ni habari nyingine. Kwa upande wangu sikuwa na pa kujificha: mlinzi wa ploti alikuwa amenionya mara mbili kuhusu mawe hayo, mara ya pili mbele ya majirani, nami nikamjibu kwamba watoto ni watoto.

Ukiona unadaiwa kwa haki, usikubali bei ya hasira. Nilimwomba mwenye gari twende pamoja Kirinyaga Road, tukauliza katika maduka mawili ya vipuri vya magari, na kioo pamoja na ufundi vikafika shilingi 11,500.

Mwisho andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari: tarehe, nambari za vitambulisho, nambari ya gari, kiasi, awamu za malipo, na sentensi inayosema kwamba malipo hayo yanamaliza dai lote. Usiandike popote kwamba mtoto ametenda jinai. Wekeni sahihi mbele ya shahidi, na ulipe kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huko utahitaji picha za kioo zilizopigwa siku ileile, kabla fundi hajakigusa.