Spesa za rimu: jinsi ya kuchagua zitakazokaa salama kwenye gari lako

Mwezi uliopita niliipokea gerejini Toyota Premio iliyokuwa ikitetemeka usukani kuanzia mwendo wa 80. Mwenyewe alikuwa ameshabalansi tairi mara tatu, na kila mara anarudi vilevile. Nilipofungua rimu nikakuta spesa za Subaru, yaani yale mabamba ya duara yanayowekwa kati ya rimu na habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) ili kuisogeza tairi nje. Matundu matano ya nati yamekaa sawasawa, kwa sababu gari zote mbili ni 5x100 (nati tano kwenye duara la kipenyo cha 100 mm), lakini tundu la katikati la spesa lilikuwa 56.1 mm wakati habu ya Premio ni 54.1. Hiyo ni milimita moja wazi kila upande. Nilipitisha ukucha ukaingia.

Hatua ya 1: hakikisha unaihitaji. Sababu nzuri ni rimu kugusa shokapu au kalipa ya breki. Kama unataka tu tairi zitoke nje kidogo, mimi nakushauri utafute rimu yenye ofseti inayofaa (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu). Spesa huisogeza tairi mbali na beringi, na kadiri inavyosogea ndivyo beringi na boljointi zinavyobeba mzigo zaidi.

Hatua ya 2: pima nafasi. Pakia watu wa kutosha, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha angalia umbali kati ya tairi na fenda. Mgongoni mwa rimu utakuta ofseti, mfano ET45. Ukiweka spesa ya 15 mm inakuwa sawa na ET30. Kumbuka ekseli nzima inapanuka milimita 30, siyo 15.

Hatua ya 3: linganisha namba tatu. Hapa usiwe na haraka, wengi hukosea hapa.

Ya kwanza ni mpangilio wa nati: Premio na Wish ni 5x100, Mark X ni 5x114.3. Ya pili ni tundu la katikati: 54.1 kwa Premio na Wish, 60.1 kwa Mark X. Pima habu yako kwa kipimo cha vernia, usikubali neno la muuzaji. Spesa iingie kwenye habu bila kucheza, na upande wa nje iwe na ukingo uliotokeza ambao rimu itaukalia. Ikikosa ukingo huo, rimu inabaki kuwekwa katikati na nati peke yake, na mtetemo huanzia hapo.

Ya tatu ni uzi wa stadi, zile bolti za habu zinazoshikwa na nati. Toyota hizi ni M12x1.5 (unene wa 12 mm, na 1.5 mm kutoka uzi hadi uzi), Subaru na Nissan nyingi ni M12x1.25. Nati ya uzi tofauti huweza kushika mizunguko miwili mitatu ya mwanzo, ukalazimisha kwa spana, na stadi ikaharibika pale pale.

Hatua ya 4: chagua aina kwa unene. Spesa nyembamba ya 3 hadi 5 mm hupita juu ya stadi za gari. Ifunge kwa mkono na uhesabu mizunguko ya nati: kwa uzi wa 1.5 nataka 8 kamili, kwa 1.25 nataka 10. Zikipungua, badilisha stadi uweke ndefu au uachane nayo. Kuanzia 15 au 20 mm, chukua yenye stadi zake. Ila pima stadi za gari: ikiwa zina urefu wa 25 mm na spesa ni 20, milimita 5 zitatokeza, na rimu lazima iwe na vishimo mgongoni vya kuzipokea.

Usipandanishe spesa mbili. Lile bamba lenye matundu marefu linalosemwa linaingia gari zote liache dukani.

Hatua ya 5: ikague. Tafuta alumini iliyofuliwa yenye maandishi 6061-T6 au 7075, na stadi zilizogongwa 10.9, namba ya daraja la uimara wa chuma. Ukiona vitundu vidogo kama vya mkate na uso wenye mikwaruzo, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, irudishe. Iweke juu ya kioo, ikichezacheza haiko sawa.

Hatua ya 6: funga. Sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, maana chembe moja tu ya kutu inapindisha tairi. Usipake grisi kwenye nyuzi. Nati ziendane na kiti cha rimu, pale nati inapokalia: rimu nyingi za alumini za Toyota za kiwandani hutumia nati ya shingo ndefu yenye washa bapa, za kununua nje mara nyingi ni za koni. Kaza kwa mkono kwa mtindo wa nyota, kisha malizia kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Premio na Wish ni 103 Nm. Usimruhusu fundi wa tairi amalizie kwa bunduki ya upepo.

Kama spesa ni zile zenye stadi zake, baada ya kilomita 50 hadi 100 vua rimu zote na ukague nati za ndani, zile zinazoshika spesa kwenye habu. Huwezi kuzifikia rimu ikiwa imefungwa, kwa hiyo kila unapobadilisha tairi mwambie fundi azikague kabla hajarudisha rimu.