Unataka kuwa kyureta? Anza kwa kuandika

Wengi wanaoulizia ukyureta, yaani kazi ya kuchagua kazi za sanaa na kuziandalia maonyesho, wanaanza na swali la wasome shahada gani, mi naona hilo lisubiri kwanza. Okwui Enwezor, kyureta maarufu mzaliwa wa Nigeria, alisoma sayansi ya siasa na alikuwa anaandika mashairi, mwaka 1994 akaanzisha Nka, jarida la sanaa ya kisasa ya Afrika, 1996 akawa mmoja wa walioandaa maonyesho ya wapigapicha wa Kiafrika pale makumbusho ya sanaa ya Guggenheim, New York, na 2002 akaongoza Documenta 11, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa kule Kassel, Ujerumani. Kalamu na uhariri vilitangulia, na hapo hata asiye na hela wala jina anaweza kuanzia.

Chagua kazi moja ya sanaa, ikae mbele yako kwa muda mrefu, sio picha yake kwenye simu bali yenyewe. Andika unachokiona kabla ya unachokifikiri: imetengenezwa na nini, ukubwa wake, jicho linaenda wapi kwanza, kuna sehemu msanii amefuta akarudia? Afu ndo useme maoni yako. Ukimaliza pitia kila sentensi ujiulize, hii nikiihamishia kwa msanii mwingine itakaa vilevile? Kama itakaa, ifute. Utafuta nyingi sana mwanzoni, na ndo kazi yenyewe hiyo.

Kuhariri nako usikudharau. Wasanii wengi wanahangaika kuandika maelezo ya kazi zao, jitolee kuwasaidia, ila sauti ibaki yao, wewe ondoa tu kinachoziba njia. Jina, mwaka, malighafi na vipimo hakikisha na msanii mwenyewe, manake kosa la mwaka likishaingia kwenye katalogi litanakiliwa na kila atakayekuja baada yako. Malipo mkubaliane kwa maandishi mapema.

Ukishakuwa na maandishi kadhaa, andaa onyesho dogo, chumba kimoja na kazi chache zinazojibu swali moja. Swali likigoma kuandikika kwa sentensi moja bado hujawa tayari, rudi uangalie tena kazi zenyewe. Tengeneza mfano mdogo wa chumba kwa karatasi, uzipange kazi humo kwa vipicha vidogo kwanza. Ukutani, katikati ya picha iwe kama sentimita 150 toka sakafuni, na michoro ya karatasi uiepushe na jua kabisa, mwanga unaipausha na rangi hairudi tena. Maelezo ya ukutani yasizidi maneno 100 hivi, watu wanasoma wamesimama.

Kila kazi ikifika ipige picha mbele na nyuma, andika kila mkwaruzo, wewe na msanii msaini wote wawili, na suala la bima limalizwe kabla kazi haijatoka studio. Na kabla hujashusha kitu chochote piga picha za ukumbi mzima, maana ukiomba kazi au ufadhili baadae wataulizia hizo picha pamoja na maandishi yako.